Wajina wawili, wasifu mmoja: mnawatenganishaje watu mashuhuri wenye jina moja?

#1 Kalamu_Nyeusi

Wakuu, habari. Naomba hili tulichambue, maana linaharibu kazi nyingi za wasifu.

Zürich, 13 Agosti 1997, jioni moja, uwanja mmoja. Wilson Kipketer anavunja rekodi ya dunia ya mita 800 kwa 1:41.24. Wilson Boit Kipketer anavunja ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 7:59.08. Mwezi huohuo, Athens, kila mmoja alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia katika mbio zake. Sydney 2000, kila mmoja akapata medali ya fedha ya Olimpiki. Wa kwanza aliiwakilisha Denmark, wa pili Kenya. Sasa kusanya makala za mtandaoni kuhusu "Wilson Kipketer": utakuta umri wa huyu, picha ya yule, na medali za wote wawili zimerundikwa kwa mtu mmoja.

Hoja yangu: njia pekee ya uhakika ni tarehe kamili ya kuzaliwa. Wa mita 800 alizaliwa 12 Desemba 1972, Boit alizaliwa 6 Oktoba 1973. Ukishaishika tarehe, mengine yanajipanga. Mnaonaje? Na kwa nini makosa haya yanawapata hata waandishi makini?

#2 Mita800

Heshima mkuu. Takwimu zako ziko sawa, ila ongeza hili. Rekodi zile za Zürich hazikumaliza wiki mbili. Tarehe 24 Agosti 1997, Cologne, Kipketer wa Denmark aliishusha ya kwake hadi 1:41.11, na ya viunzi ikachukuliwa na Bernard Barmasai kwa 7:55.72. Kwa hiyo ukikuta maandishi ya baada ya siku hiyo yanasema "Kipketer, mshikilizi wa rekodi ya dunia", huyo ni wa mita 800 tu, na maneno hayo yanabaki kweli hadi 22 Agosti 2010, David Rudisha alipokimbia 1:41.09.

Cheo kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mara nyingi cheo kinakutenganishia watu kabla hujaiona hiyo tarehe ya kuzaliwa, ambayo matokeo ya magazeti hayaiandiki kabisa. Yanaandika jina, nchi na muda. DEN au KEN, basi.

#3 BintiNyaraka

Neno "pekee" silikubali. Mwangalieni Legendre.

Kwa miaka mingi vitabu vya hisabati vilichapisha sura ya Adrien-Marie Legendre, mwanahisabati Mfaransa (1752–1833). Mwaka 2005 ikagundulika kuwa yule aliyechorwa ni Louis Legendre, mwanasiasa wa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa (1752–1797). Tazama miaka: wote wawili 1752. Wote waliishi Paris. Mchoro uliandikwa "Legendre" tu chini yake. Mchoro wa mwanahisabati mwenyewe unaojulikana ni mmoja, kikatuni cha rangi za maji alichochora Julien-Léopold Boilly mwaka 1820.

Kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa ungekupoteza hapo hapo. Picha ichukuliwe kama chanzo kinachojitegemea, usiichukue kama pambo la makala. Kabla ya kuibandika kwenye wasifu, jibu maswali manne: nani alichora au kupiga, mwaka gani, maandishi ya chini yanasemaje neno kwa neno, na ilitoka kwenye mkusanyo upi. Likikosekana jibu la mawili, usiibandike.

#4 Kalamu_Nyeusi

BintiNyaraka, nilisema tarehe KAMILI. Mwaka peke yake sikuutetea. Hao akina Legendre mmoja ni wa Mei na mwingine wa Septemba, kwa hiyo tarehe kamili ingewatenganisha.

#5 MwakaMpya

Tarehe kamili nayo ina mtego wake, mkuu. George Washington ana mbili: 11 Februari 1731 na 22 Februari 1732. Ni mtu yuleyule. Waingereza na makoloni yao walikuwa bado kwenye kalenda ya Juliasi, na mwaka wao ulianza 25 Machi. Walipohamia kalenda mpya mwaka 1752, siku ya 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba. Mtu asiyejua atampasua Washington kuwa watu wawili kwa ushahidi wa hiyo tarehe kamili unayoisifu.

Kipimo cha haraka: tarehe mbili zikipishana kwa siku 10 katika miaka ya 1582 hadi mwanzo wa 1700, siku 11 katika karne ya 18, siku 12 katika karne ya 19, au siku 13 katika karne ya 20, shuku kalenda kwanza kabla ya kushuku mtu wa pili. Urusi ilihama Februari 1918, kwa hiyo Warusi wengi mashuhuri wana tarehe mbili mbili.

Kugeuza mwaka wa hijria (kalenda ya Kiislamu) kuwa mwaka wa kalenda ya kawaida: chukua mwaka, ugawe kwa 33, toa jibu hilo kwenye mwaka, kisha ongeza 622.

#6 Sanadi

MwakaMpya umesema vyema, ila hesabu hiyo ya hijria ni ya kukadiria, usiiandike kwenye wasifu kama ilivyo. Mwanafalsafa Ibn Rushd alifariki mwaka 595 hijria. Fanya hesabu yako: inatoa 1199. Lakini alifariki mwezi wa Safar, wa pili katika mwaka, na mwaka 595 ulianza Novemba 1198. Kwa hiyo ni Desemba 1198. Kama mwezi hujaupata, andika 1198/1199 na uache hivyo.

Na huyohuyo Ibn Rushd ndiye anayekataa hoja ya mwanzisha uzi. Babu yake ni Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad Ibn Rushd. Yeye mwenyewe ni Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad Ibn Rushd. Kunia (jina la heshima linaloanza na Abu) moja, jina moja, jina la baba moja, na wote wawili walikuwa makadhi wa Cordoba. Babu alifariki 520 hijria, sawa na 1126, na mjukuu akazaliwa mwaka huohuo. Ukitafuta kwa "1126" unawapata wote wawili. Ndiyo maana wanazuoni waliwaita al-Jadd na al-Hafid, yaani babu na mjukuu.

Wanaofahamu elimu ya rijali (uchunguzi wa wapokezi wa hadithi) watanielewa. Al-Khatib al-Baghdadi (1002–1071) aliandika kitabu kizima kuhusu wapokezi wa hadithi wanaofanana majina, al-Muttafiq wal-Muftariq. Njia yao kuu haikuwa tarehe. Walitazama nani mwalimu wake na nani mwanafunzi wake. Ukikuta "Sufyan" mtupu katika sanadi (mnyororo wa wapokezi wa hadithi), anaweza kuwa Sufyan Thawri (alifariki 161 hijria) au Sufyan bin Uyayna (alifariki 198). Tazama anayepokea kutoka kwake. Akiwa al-Humaydi, huyo Sufyan ni Ibn Uyayna, kwa sababu al-Humaydi alikuwa mwanafunzi wake wa muda mrefu Makka.

Watu wanaomzunguka ndio wanaomtambulisha.

#7 Mita800

Sanadi umetupeleka Cordoba na Makka, sisi tulikuwa kwenye riadha 😄 Lakini nimeielewa. Kwa mwanariadha, mwalimu na mwanafunzi ni kocha na kundi la mazoezi.

Nami naleta kipimo kingine, cha safari. Tarehe 17 Aprili 2011 Emmanuel Mutai alishinda London Marathon kwa 2:04:40. Kesho yake, 18 Aprili, Geoffrey Mutai alishinda Boston Marathon kwa 2:03:02. Magazeti yanaandika "Mutai ashinda". Ukiwa na jedwali la tarehe na mahali, unaona mara moja kuwa mtu mmoja hawezi kukimbia marathoni mbili kwa kasi hiyo, mabara mawili, katika siku mbili zinazofuatana. Novemba mwaka huo New York ikawaweka pamoja: Geoffrey wa kwanza kwa 2:05:06, Emmanuel wa pili. Matokeo ya aina hiyo, yanayowataja wote wawili katika orodha moja, ni dhahabu. Yatafute kabla ya kitu kingine chochote.

#8 Fundi_Jedwali

Hapo Mita800 umegusa kiini cha kazi. Acheni niweke utaratibu, maana naona tunabishana kuhusu kigezo kipi wakati kazi yenyewe ni ya jedwali.

Fungua karatasi ya Excel. Safu wima saba: tarehe, mahali, tukio, jina KAMA LILIVYOANDIKWA kwenye chanzo (usilisahihishe hata kama lina kosa la tahajia), watu wengine waliotajwa, chanzo na ukurasa, na ya mwisho "nani". Kila taarifa inapata mstari wake. Usiweke taarifa mbili kwenye mstari mmoja hata kama zimetoka sentensi moja, kwa sababu huenda mwandishi wa chanzo ndiye aliyechanganya watu.

Safu ya "nani" uiache tupu hadi umalize kukusanya. Kisha panga kwa tarehe. Weka A, B, C, au alama ya kuuliza. Kanuni: gawa kwanza, unganisha baadaye. Mtu mmoja uliyemgawa kuwa A na B unamuunganisha kwa dakika moja ukipata ushahidi. Watu wawili uliowaunganisha wakiwa na mistari mia mbili huwatenganishi tena bila kurudi kwenye kila chanzo.

Kuunganisha kunahitaji mambo mawili yanayokubaliana kutoka vyanzo visivyonakiliana, na pasiwe na hata moja linalopingana. "Jina na kazi" ni jambo moja na nusu tu, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hurithi kazi.

Kisha pitisha vipimo: kuna siku ambayo A yuko sehemu mbili? Amefanya kazi akiwa na miaka chini ya 15? Ameendelea kuchapisha baada ya kufa? Kuna pengo la miaka kumi bila taarifa, halafu anaibuka na kazi nyingine kabisa? Hilo la pengo ndilo wengi hawalitazami, na ndilo linaloficha wajina wengi zaidi.

#9 BintiNyaraka

Nakazia la pengo. Naongeza la kuchapisha baada ya kufa: hilo peke yake halithibitishi mtu wa pili, kazi nyingi hutolewa na familia au wahariri mwandishi akiwa ameshazikwa. Angalia dibaji imetiwa saini na nani.

#10 Q_na_P

Wakuu, mbona hakuna aliyetaja namba za utambulisho? Kazi hii tayari imefanywa nusu.

Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni, inampa kila mtu aliyemo namba inayoanza na Q. Tarehe ya kuzaliwa ni P569, ya kufariki P570, na ipo sifa maalumu ya kutenganisha, P1889, inayosema "huyu ni tofauti na yule". Ukikuta P1889 kwenye ukurasa wa mtu wako, ujue ni rahisi kuwachanganya. Fungua huyo mwingine umsome wote kabla hujaendelea.

Kwa waandishi na wasanii kuna ISNI, namba ya tarakimu 16. Kwa watafiti walio hai kuna ORCID, nayo ni 16, ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Kwa vitabu kuna VIAF, inayounganisha rekodi za maktaba za taifa za nchi nyingi. Ukishapata namba, tafuta kwa namba, jina liache.

#11 Mkutubi_Mstaafu

Namba ni nzuri, Q_na_P, lakini usimwambie mtu azitegemee namba peke yake. VIAF inaunganisha rekodi kwa kompyuta. Jina likifanana na mwaka ukifanana, inaweza kuwaweka wawili chini ya namba moja. Kosa hilo likiingia huko, linanakiliwa Wikidata, linaingia kwenye kisanduku cha pembeni cha Google, na mwandishi anayetafuta "chanzo cha pili" anakuta vitatu vinavyokubaliana. Vyote vitatu ni kimoja.

Dalili za namba iliyochanganya watu: orodha ya vitabu yenye fani zisizohusiana, lugha ambazo mtu mmoja asingeandikia zote, na chapa ya kwanza iliyotoka mtu akiwa mtoto. Ukiona mojawapo, nenda kwenye rekodi ya maktaba moja moja badala ya mkusanyo.

Na ORCID mtu anajisajili mwenyewe. Waliofariki kabla ya 2012, mwaka ilipoanza, usiwatafute humo.

Tena kuna jambo wageni wa katalogi hawalijui: zipo rekodi za majina ambazo watunza katalogi wenyewe wameziandika kuwa hazijatenganishwa. Chini ya jina moja wamewekwa watu kadhaa kwa makusudi, kwa kukosa taarifa. Soma maelezo ya ndani ya rekodi, usisome kichwa chake tu.

#12 Kalamu_Nyeusi

Asanteni. Nakubali jedwali la Fundi. Bado nashikilia kuwa safu ya kwanza ya jedwali hilo ni tarehe 😀

Swali langu la pili halijajibiwa: kwa nini makosa haya yanatokea?

#13 Gazeti_la_Jana

Chanzo ni magazeti kubana nafasi. Kichwa cha habari kinabeba jina moja tu. Habari ya kwanza inaandika jina kamili, ya pili inaacha la kati, ya tatu inabakiza la mwisho. Anayesoma miaka hamsini baadaye anaikuta ile ya tatu.

Angalieni wenyewe wahusika walivyolijua hilo. Mwaka 1899 Winston Churchill wa Uingereza (1874–1965) alimwandikia Winston Churchill wa Marekani, mwandishi wa riwaya (1871–1947), ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa anajulikana zaidi kwa vitabu. Wakakubaliana: Mwingereza atatia saini vitabu vyake "Winston Spencer Churchill". Hiyo "S." mnayoiona kwenye majalada yake ilitokana na makubaliano hayo. Herufi ya katikati ikidondoshwa na mchapaji, kazi yote ya watu wawili waliokubaliana imepotea.

#14 Sanadi

Mimi naona chanzo ni koo. Mjukuu kupewa jina la babu ni desturi ya watu wengi sana duniani, na wasomaji wa leo wanadhani jina la mtu ni la kwake peke yake. Alexandre Dumas baba (1802–1870) na Alexandre Dumas mwana (1824–1895), wote waandishi. Martin Luther King baba na mwana, wote wachungaji wa kanisa moja Atlanta, na wote wawili walizaliwa wakiitwa Michael. Kwa hiyo hati ya mtoto iliandikwa awali Michael King, na ukitafuta "Martin" mwaka 1929 hupati kitu.

Kwa majina ya aina hii nenda hadi jina la babu, usiishie la baba. Muhammad bin Jarir al-Tabari wako wawili: bin Jarir bin Yazid, mwanahistoria na mfasiri wa Kurani (839–923), na bin Jarir bin Rustam, mwanazuoni wa Kishia. Nisba (jina la mahali pa asili) ni moja na jina la baba ni moja. Wanaachana kwenye jina la tatu.

#15 Diplomasia

Koo hazielezi kisa cha Pakistan. Mohammad Ali Bogra alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Aprili 1953 hadi Agosti 1955. Aliyempokea ni Chaudhry Muhammad Ali, hadi Septemba 1956. Hawakuwa ndugu. Barua iliyoandikwa "Waziri Mkuu Mohammed Ali, Agosti 1955" inakutaka ujue siku, kwa sababu makabidhiano yalikuwa tarehe 12.

Kwa maoni yangu tatizo ni mtafiti kutambulisha mtu kwa cheo. Mita800 alisema cheo kinatenganisha. Hapa cheo ndicho kilichowaunganisha.

#16 Mita800

Nimesema cheo PAMOJA na tarehe zake, Diplomasia. Na tarehe 12 Agosti ndiyo iliyokuokoa wewe.

#17 Pwani_Nyaraka

Kwa wanaosoma nyaraka za Zanzibar, kisa hicho kipo nyumbani kwetu. Masultani wawili waliitwa Khalifa: Khalifa bin Said (1888–1890) na Khalifa bin Harub (1911–1960). Wawili waliitwa Ali: Ali bin Said (1890–1893) na Ali bin Hamud (1902–1911). Nakala isiyo na tarehe ikisema "Sultani Khalifa", usikimbilie wa pili kwa sababu tu alitawala muda mrefu. Soma ndani. Khalifa bin Said alifariki kabla Zanzibar haijawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka huo wa 1890. Hati inayozungumzia serikali ya ulinzi kama jambo lililokwisha kuwepo haiwezi kuwa ya kwake.

Kwa akina Ali ni vigumu zaidi, wote wametawala chini ya ulinzi. Hapo tafuta jina la balozi au ofisa wa Kiingereza aliyetajwa, kisha utafute miaka yake ya kazi. Mtu asiye maarufu mara nyingi anakupa tarehe nyembamba kuliko sultani mwenyewe.

#18 Sanadi

Pwani_Nyaraka, ahsante. Hiyo ndiyo sanadi kwa jina lingine.

#19 Skrini

Mnisamehe kuchepuka kidogo. Kuna fani zilizolitatua hili kwa amri. Chama cha gofu cha wanawake cha Korea Kusini kinawapa namba wachezaji wenye jina moja. Aliyeshinda mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani mwaka 2019 aliandikwa Jeongeun Lee6. Hiyo 6 ni sehemu ya jina lake la mchezo. Ukiifuta ukidhani ni kosa la uchapaji, umempoteza.

Waigizaji nao, vyama vyao havikubali wanachama wawili wenye jina moja. Michael Keaton jina lake la kuzaliwa ni Michael Douglas. Stewart Granger alizaliwa James Stewart. Michael J. Fox aliongeza J kwa sababu palikuwa na Michael Fox tayari. David Bowie alizaliwa David Jones, akabadili asichanganywe na Davy Jones. Maana yake kwa mtafiti: hati za shule, ubatizo na ndoa za watu hawa zipo chini ya jina la mtu mwingine maarufu. Andaa orodha mbili za majina, kabla na baada, na mwaka wa mabadiliko katikati.

#20 Q_na_P

Basi niweke na mbinu za utafutaji, maana wengi wanaandika jina tu wanabonyeza.

Jina kamili ndani ya alama za kunukuu. Rudia kwa mpangilio uliogeuzwa, la ukoo mbele kisha mkato. Ongeza neno moja ambalo ni la mtu wako tu: jina la kocha, mji, mke, mchapishaji. Kisha ondoa mwingine kwa alama ya kutoa mbele ya neno lake, mfano "Michael Jackson" -muziki -albamu kama unamtaka mwandishi wa mambo ya bia wa Uingereza (1942–2007). Toa maneno mawili matatu, si kumi, la sivyo unafuta na kurasa zinazowataja wote wawili, ambazo Mita800 amesema ni dhahabu.

Tahajia: Mohamed, Muhammad, Mohammed, Mohamad. Abdulla, Abdallah, Abdullah. Othman, Uthman, Osman. Kila moja ni utafutaji wake. Usitarajie mashine ikuunganishie.

#21 Mkutubi_Mstaafu

Ongeza mpangilio wa jina, Q_na_P. Gabriel García Márquez katika katalogi yuko kwenye G, si M. Waethiopia huorodheshwa kwa jina la kwanza kwa sababu la pili ni la baba. Na wapenzi wa riadha: Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968, ana "Kipchoge" mwanzoni. Eliud Kipchoge analo mwishoni. Faharasa iliyotengenezwa na mashine inaweza kuwaweka wote chini ya Kipchoge, na msomaji akadhani ni baba na mwana. Siyo.

#22 Herufi_Nne

Na Wachina je? Jina likishaandikwa kwa herufi za Kilatini, maandishi tofauti kabisa yanakuwa kitu kimoja. Li Na wa tenisi alishinda French Open mwaka 2011 na Australian Open mwaka 2014. Li Na wa kuruka majini alipata dhahabu Sydney 2000. Tarehe, kocha, jedwali, vyote mlivyosema vinafanya kazi, lakini hatua ya kwanza ni kutafuta jina katika maandishi ya Kichina na kulibandika kwenye safu ya jina. Maandishi yakiwa tofauti, kazi imeisha. Yakiwa sawa, kama ya hawa akina Li Na, rudi kwa Fundi_Jedwali.

#23 BintiNyaraka

Hata maandishi ya Kilatini hupoteza watu bila tafsiri yoyote. John Adams na John Luther Adams, wote Wamarekani, wote watunzi wa muziki, wote wameshinda tuzo ya Pulitzer ya muziki, mmoja 2003 na mwingine 2014. Mtu akidondosha "Luther" hakuna mashine itakayomwonya, kwa sababu kila taarifa nyingine inaonekana kuwiana. Kwa hiyo narudi kwa Gazeti_la_Jana: jina la kati ndilo linalobeba mzigo wote. Sanadi na koo zake wananisamehe.

#24 Sanadi

Jina la kati kwetu ni jina la baba, binti. Umerudi kwenye ukoo bila kujua 😄

#25 Kalamu_Nyeusi

Naona kila mtu anavuta kwake. Niulize la mwisho: kwa wanawake waliobadili jina kwa ndoa mnafanyaje? Hapo naamini tarehe ya kuzaliwa inashinda yote, kwa sababu jina limebadilika lakini tarehe haikubadilika.

#26 Mkutubi_Mstaafu

Haishindi, kwa sababu utaitafuta wapi? Elizabeth Taylor mwigizaji (1932–2011) alizaliwa Taylor na aliolewa mara nane, ila hadharani akabaki Taylor. Elizabeth Taylor mwandishi wa riwaya (1912–1975) alizaliwa Elizabeth Coles, akawa Taylor alipoolewa mwaka 1936. Ukienda kwenye daftari la vizazi na "Elizabeth Taylor, Uingereza", utapata wengi na yeye hayumo. Ingia kwa daftari la ndoa kwanza. Pale utakuta majina yote mawili kwenye mstari mmoja, pamoja na jina la baba. Chukua jina la baba, kisha ndipo urudi kwenye vizazi. Ndoa ikiwa haijapatikana, jaribu wosia wa wazazi: mabinti walioolewa mara nyingi hutajwa humo kwa jina jipya.

#27 Fundi_Jedwali

Na kwenye jedwali hapo ongeza safu ya nane: "jina kabla ya ndoa". Iache tupu kwa wanaume, isipokuwa kwa waigizaji wa Skrini.